Taa ya Chupa ya Kijani

Kaka yangu,

Shikamoo. Ulikuwa ukiitikia "Marahaba, mwalimu" huku unacheka, maana kwako ualimu wangu ulikuwa kichekesho: mtu uliyemfuta kamasi anawafundisha watoto wa wenzake fizikia huko Mbinga. Leo nakuandikia nimesimama. Nimejaribu kukaa mara tatu, kiti hakikaliki. Daftari nimeliweka juu ya cherehani, chai imepoa, na shemeji yako amepita mara mbili kuniuliza kama naumwa. Nimemwambia naandika barua. Akauliza kwa nani, nikamtajia, akaenda zake kugeuza kahawa kwenye vichanja.

Nimeamua barua hii isomwe na yeyote atakayetaka. Jambo lililomo nimelificha mwaka mzima, na kulificha kumenichosha kuliko lenyewe.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka koroboi ya chumba chetu pale kijijini? Mama alikuwa akija kuipuliza ili mafuta yasiishe, na kila siku ulimzuia kwa sauti ya mtu mzima: "Iache mama, mdogo wangu anaogopa giza." Mama anaguna, anaondoka, na sisi tunalala na moshi puani. Sikumbuki kama niliogopa kweli. Nakumbuka tu kwamba nilijisikia mtu wa maana, kuwa na kaka anayenisemea.

Basi yule mdogo wako akakua akawa mtu wa kutafuta giza. Ulinicheka sana nilipokuja ufukweni mara ya kwanza na mzigo wangu: kamera ya mtumba iliyotolewa kioo cha ndani ili ione wekundu ambao macho yetu hayauoni, stendi ya miguu mitatu, na kile kichwa cha chuma kinachoizungusha kamera taratibu ili iende sawa na nyota. Nilikueleza kwamba katika kundi la Mshale, ndani ya ule ukanda mweupe unaoshukia ziwani, kuna wingu la gesi jekundu, kubwa, mbali kiasi ambacho nikitaja namba utadhani nakudanganya. Ukaangalia juu, ukaangalia kamera, ukauliza kama lina samaki.

Lenzi ilipoanza kushika umande nikatoa soksi yenye mchele niliopasha moto kikaangoni, nikaifunga kwenye lenzi ili joto liukaushe. Ulikaa chini kwa kicheko. Siku ya pili kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mwalimu kutoka Mbinga anapika kamera.

Tatizo langu na wewe lilikuwa moja. Nyota zinataka usiku usio na mwezi, na usipa, wale dagaa wenu wa ziwani, nao wanavuliwa kwa taa usiku huohuo. Kila nilipopata likizo na giza zuri, ziwa lilijaa taa zenu. Picha zangu za kwanza zilitoka na ukungu mweupe chini, wingu langu limemezwa. Nikajinyima hadi nikanunua filta, kioo kidogo kama kifuniko cha soda, kinachopitisha rangi mbili tu, wekundu wa gesi na kijanibuluu fulani, na mwanga mwingine wote kinauzuia mlangoni. Ulikishika kwa ncha za vidole, ukakipeleka kwenye jicho, ukasema huoni kitu. Kisha ukanishika mkono ukanipeleka mpaka kwenye mtumbwi wako kunionyesha taa yako. Ulikuwa umekata chupa ya soda ya kijani ukaivalisha balbu ili maji yasiirukie.

"Na mimi nina filta yangu," ukasema. "Usipa wanaipenda hii kuliko nyeupe za wenzangu."

Filta yangu ilipunguza taa, haikuzimaliza. Yako ilikuwa ya karibu kuliko zote, mbele kabisa ya mwamba nilikoweka stendi. Ndipo nikakuomba lile ombi. Ulikuwa mshika taa. Kazi yako ilikuwa kukaa peke yako kwenye mtumbwi mdogo, kuwakusanya samaki kwa mwanga mpaka wenye wavu waje. Ukaniambia kwamba kwenye saa saba usiku wenzako hupeleka mzigo wa kwanza ufukweni, nawe hubaki ukingoja. Ukasema saa hiyo moja utanizimia. Malipo yake yakawa maharage na viazi vya huku juu, debe kwa debe, na kila asubuhi ulikuja kuyadai ukiwa bado unanuka samaki.

Mimi nilikuwa nikiiachia kamera ijipige yenyewe, picha ya dakika moja moja, nakwenda kulala kwa mama. Asubuhi naziingiza picha zote kwenye kompyuta, naiambia programu iziunganishe ziwe moja. Inatoka safi, chini hakuna taa hata ya dawa. "Nilikuzimia," unasema. "Umezima kweli kaka," nasema, nakupimia maharage. Tulifanya hivyo misimu mitatu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, unajua mwenyewe. Asubuhi ile nilikuwa barazani kwa mama na kompyuta mapajani, nakungoja. Programu ilikuwa imemaliza. Wingu langu lilitoka jekundu halijawahi kutoka hivyo, na chini yake ziwa jeusi tupu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Asante kaka." Maneno hayajaisha mdomoni, wenzako watatu wakaingia uani wakiwa wamevua kofia.

Walisema mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulipiga ghafla wakiwa ufukweni. Walipotoka tena kukufuata, mawimbi yalikuwa makubwa na hawakukukuta mahali pako. Yule mkubwa wao alirudia mara nyingi, akimwambia mama, kana kwamba mama ndiye hakimu: "Tuliangalia kila upande, mama. Hatukuona taa yake." Nilifunga kompyuta. Siku ya tatu walikuleta kutoka kaskazini, na nilikuzika nikijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale kaburini: kwamba hukuonekana kwa sababu mimi nilikuomba uwe gizani.

Sikumwambia mama. Sikumwambia wifi. Alinishika mkono msibani, akanilisha uji kwa kijiko, na mimi nikaumeza. Niliporudi Mbinga nikazifungia picha zile kwenye kile kikasha cha diski cha kuhifadhia kazi zangu, nikakiweka juu ya kabati. Tangu hapo silali vizuri. Natoka nje, nahesabu hatua hadi kwenye kibanda cha kuku, narudi. Darasani nikifundisha mwanga nasahau nilikuwa nasema nini. Shemeji yako alidhani ni huzuni tu, na nilimwacha adhani hivyo.

Kilichonitoa pale ni bodaboda. Mwezi uliopita tulikwenda Matiri kwa wakwe zangu kuvuna kahawa, na baba mkwe akasisitiza nimpigie nyota za kwake, kwa vile amesikia habari za kupika kamera. Nikakubali kwa shingo upande. Nimesimamisha stendi kando ya mibuni, kazi inaendelea, ikatokea bodaboda inapandisha kilima, taa kali imeelekea moja kwa moja kwenye lenzi. Nikajua picha zile zimeharibika. Kesho yake nikaziunganisha hivyohivyo, ili tu mzee asione nimemdharau. Zikatoka safi. Bodaboda hakuna. Hata alama.

Nikakaa chini kwenye magunia. Kaka, misimu mitatu nilikuwa nabonyeza kitufe nilichoelekezwa, na mimi mwalimu wa fizikia sikuwahi kujiuliza kinafanya nini. Programu inapanga nyota juu ya nyota. Kilichokaa na nyota katika picha zote inakiweka. Kinachokaa na dunia, kinachopita, kinachohama kwa kulinganisha na nyota, inakihesabu kuwa uchafu na kukitupa. Taa za ziwani zote zilikuwa zinatupwa hivyo. Ile picha safi haikusema kwamba ulizima. Haikusema lolote juu yako.

Baba mkwe aliniona nimeshika kichwa akauliza kama nyota zake ni mbovu. Nilimwambia ni nzuri mno, nikaomba ruhusa, nikapanda gari la mchana kurudi mjini. Njia nzima nilikuwa nataka dereva akimbie, na papo hapo nataka gari liharibike tusifike. Maana ukweli ungeweza kuwa ule niliokuwa nao tayari, na safari hii ungekuwa na ushahidi.

Nilishusha kikasha, nikakichomeka kwenye kompyuta. Nikaanza picha ya kwanza, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Taa nyeupe za wenzako filta yangu ilizifanya za waridi, maana zina rangi zote mbili. Katikati yao, chini kushoto, kulikuwa na nukta moja ya kijanibuluu, haina wekundu kabisa. Chupa yako ya soda ilikuwa imeuzuia. Nilikutambua kama ninavyotambua mwandiko wako.

Nikaenda hadi saa saba. Saa saba na dakika moja, unawaka. Na kumi, unawaka. Na nusu, unawaka. Hukuzima. Saa nane kasoro robo nukta yako ikaacha kuwa nukta, ikawa kistari, ukaanza kwenda kulia, kaskazini, peke yako, wakati taa nyingine zimekaa pamoja karibu na nchi kavu. Picha baada ya picha kistari kinasogea. Katika ile ya mwisho uliyomo upo ukingoni kabisa, unaelekea nyuma ya rasi, na bado unawaka. Wenzako walikuwa chini, majini, rasi na mawimbi vimewaziba. Mwamba wangu ulikuwa juu.

Nilizifungua na za misimu iliyopita, zote. Kaka, hukuwahi kuzima hata usiku mmoja. Madebe ya maharage umeyala bure.

Nililia, nikacheka, nikalia tena, shemeji yako akazima redio akaja kusimama mlangoni. Hatia moja ilinitoka, na sitasema uongo, nyingine ikaingia: mashine yangu ilikuona unaondoka, na mimi nilikuwa nimelala. Hilo sijalimaliza. Huenda nitazeeka nalo.

Jumamosi nikateremka ziwani. Nilimkuta wifi anaanika usipa, nikamwomba aingie ndani, nikamweleza yote mbele ya mama, ombi langu, maharage, mwaka wangu wa kunyamaza. Kisha nikafungua kompyuta nikamwonyesha kistari. Alikiangalia muda mrefu, mikono yake yenye magamba ameiinua juu ili isiguse kitu. Nilikuwa najiandaa kufukuzwa.

"Wifi," akasema, "kwani alikwambia anazima, ukaamini? Yule alikuwa anaogopa giza. Miaka yote ya ndoa sijalala bila taa hata siku moja. Ananiambia niiache, watoto wanaogopa."

Mama akaguna, mguno uleule wa zamani. Akasema hata sisi tulipokuwa wadogo alijua ni nani mwoga, ila alikuwa anakustahi.

Kumbe. Na mimi miaka yote nikijiona mtoto wa kusemewa.

Juzi nimeziunganisha upya picha za usiku ule. Safari hii kile kitufe sikukibonyeza. Wataalamu wa mambo haya wakiiona watasema nimeharibu kazi: chini kumejaa michirizi ya waridi, weusi wa ziwa umechafuka. Lakini wingu langu lipo juu, jekundu, na chini yake kuna mstari mmoja wa kijani unaokwenda kulia mpaka unatoka kwenye picha. Nimeichapisha kwenye karatasi kubwa hapa mjini. Kijana wa studio aliniuliza mara mbili kama autoe ule mstari, ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia akiugusa tutagombana.

Kesho naipeleka kwa wifi. Nitaitundika ukutani pale juu ya kitanda chenu, na debe la viazi nitaliacha mlangoni kama kawaida, ingawa hukustahili hata kimoja.

Lala sasa, kaka. Nami nitajaribu kukaa kitini. Taa nimeiacha inawaka, na mtu akiniuliza kwa nini, nitasema mdogo wako anaogopa giza.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemsingizia.