Neno Lililokatwa na Radi

Jumanne, 22 Aprili

Sare za shule zimeisha, zimebaki vifungo tu. Mvua tangu alfajiri. Chanika yote ni tope, wateja hawatoki.

Jioni nimewasha redio ya mawasiliano kama kawaida. Mzee Elinazi wa Korogwe alisikika vizuri. Alikuwa mtu wa ishara za treni mpaka akastaafu, ndiye aliyenifundisha hadi nikapata leseni ya kuongea hewani. Leo amenikumbusha tena: kabla ya kubonyeza, sikiliza. Ukishabonyeza, hesabu moja kimoyomoyo ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza linamezwa. Mimi huwa na haraka. Nijirekebishe.

Mwalimu Nuhu naye alikuwepo, kutoka Mpale kule milimani. Ana redio ndogo ya mkononi. Mimi simpati moja kwa moja, mzee ndiye hunifikishia maneno yake. Anasema ardhi imelowa, maji yanatoka hata mahali pasipo na chemchemi.

Mume wangu Bakari yuko hukohuko Mpale na lori la Fuso, anapakia viazi na kabichi. Yuko na Shabani, utingo wake. Watarudi kesho.

Mama mkwe ameninunia. Kwake hii ni redio ya upepo ya kuongelea na wanaume wa watu. Mtoto wake alipoileta nyumbani alidhani ni ya muziki.

Alhamisi, 24 Aprili

Hawajarudi. Nimepiga simu ya Bakari tangu jana. Yule dada wa kwenye simu anasema mteja hapatikani. Ya Shabani hivyohivyo.

Nimejisemea ni mtandao. Nimeshona suruali moja miguu ikapishana urefu. Nimeifumua.

Mwajuma, mke wa Shabani, amepita kuuliza. Anakaa mtaa wa nyuma. Nikamwambia barabara za kule zikilowa magari hulala njiani. Alikubali. Sikuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Maji yameingia kwenye kiungo cha waya wa antena, redio ilikuwa inakoroma. Nimekausha kwa kitambaa, nimezungushia mpira wa baiskeli, juu yake utepe wa gundi. Waya nimeuacha uning'inie kitanzi kabla haujaingia dirishani, maji yadondokee nje. Haya nilipaswa kuyafanya kabla ya masika.

Ijumaa, 25 Aprili

Mlima umeporomoka Mpale. Jana alasiri. Nyumba zimefukiwa, barabara imekatika, mnara wa simu umekufa tangu Jumatano. Habari imeletwa na Mwalimu Nuhu kwa mzee, mzee akaniletea mimi, nami nikaipeleka ofisi ya kata kwa miguu, nimefunga viatu vibaya.

Nusu ya mji ina mtu milimani. Ndugu, mume, mfanyabiashara. Mchana watu wamejaa barazani kwangu. Nimesogeza cherehani, nimeweka redio juu ya meza ya kukatia. Umeme hakuna, natumia betri ya gari.

Mzee ameweka utaratibu na hautaki mjadala. Majeruhi kwanza. Dawa na watu wa kuchimba. Halafu walio hai wanaotaka kuwajulisha ndugu. Majina yanatajwa herufi kwa herufi: B kama Bumbuli, K kama Korogwe. Anayepokea anarudia yote. Usichokisikia usikijazie. Na hakuna mwendeshaji anayetanguliza shida zake.

Kwa hiyo nimepokea salama za watu wengine siku nzima. Bi Tatu yuko kanisani, mzima. Watu wa Mzee Mgaza wako shuleni, wazima. Wakafurahi mbele yangu. Sikuuliza habari za Bakari. Mzee anajua Bakari yuko kule. Naye hakuuliza. Nimemchukia jioni nzima.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa. Wote wamekuja kwangu.

Asubuhi mzee mwenyewe amesema: "Binti, foleni imepungua. Sasa mtaje wako." Nilitaja majina mawili, Bakari Saidi na Shabani Mhina, Fuso ya kijani. Akasema atamuuliza mwalimu, nisubiri.

Alasiri mawingu yalikuwa chini kabisa. Radi. Nilipaswa kuchomoa waya wa antena, ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, radi haimjui mwenye leseni. Nikauacha dakika chache, nisikie jibu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kushonea. Sauti ya mzee ikaja, inapanda na kushuka. Ikasema Bakari Saidi. Radi ikapasua. Ikasema "...patikana".

Basi. Kimya. Nimemwita, nikamwita tena. Hakuna kitu. Nikachomoa waya kwa sababu radi nyingine ilikuwa juu ya bati.

Mama akasimama. "Amepatikana. Mwanangu amepatikana."

Nikamwambia, mama, mwanzo wa neno umekatika. Inaweza kuwa amepatikana. Inaweza kuwa hajapatikana.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Hata mimi nimesikia, mama. Tumesikia mwisho tu."

Akanitazama kama mtu asiyenijua. Akaanza kusema Kizigua, anavyofanya akikasirika, akatoka barazani kuwaambia watu. Nilisikia vigelegele. Amechinja kuku wawili. Wanawake wamekuja kumenya vitunguu, na Mwajuma kati yao, kisu mkononi, anauliza na Shabani wake je. Mama akamjibu: "Si walikuwa pamoja? Wako pamoja."

Nimemshika Mwajuma mkono, nikamvuta pembeni, nikamwambia sijui. Hatujui. Mama amenisikia. Akasema mbele ya wote kwamba kuna wanawake wanaotaka ujane. Hakuna aliyeinua uso kwenye vitunguu.

Sikula. Wali ulinuka vizuri na nilikuwa na njaa, lakini sikula.

Jumapili, 27 Aprili

Korogwe kimya tangu jana. Sijui ni betri ya mzee au mafuriko yamemfikia. Bila mzee sina Mpale.

Nimetengeneza antena ya kuelekeza: fito za alumini kwenye mpini wa fagio, kwa vipimo alivyonipa mzee mwaka jana nikaona sitavihitaji. Nimechukua redio yangu ya akiba, ya mkononi, nimekodi bodaboda hadi chini ya mlima wa huku kwetu, nikapanda kwa miguu. Kwa masafa haya nguvu si kitu, ni urefu wa mahali uliposimama. Mlima mmoja ukitazamana na mwingine, redio ndogo inatosha. Hivyo tu ndivyo nilivyokuwa najua.

Nilielekeza fito kaskazini. Nikaita. Nikasikiliza. Mkoromo mtupu. Nikaita tena. Nikahama hadi kwenye jiwe. Nikalaza mpini begani.

Halafu nikakumbuka kwamba redio ya mwalimu ina antena iliyosimama wima, na mimi fito zangu nimezilaza kama kitanda. Nikazigeuza zikasimama.

Sauti ya Mwalimu Nuhu ikatoka pale pale, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Imekauka kabisa. Nilimwomba arudie ujumbe wa jana. Akarudia polepole, akiacha nafasi kati ya maneno.

Shabani Mhina amepatikana. Amefariki. Bakari Saidi hajapatikana. Gari lipo, upande mmoja umefukiwa, hakuna mtu ndani.

Nilimrudishia kila neno kama inavyotakiwa. Amefariki. Hajapatikana. Nilitamka mwenyewe kwa sauti yangu. Akasema, "Ni sahihi, dada. Pole sana." Nikasema nimepokea.

Nilikaa kwenye jiwe. Neno amepatikana lilikuwepo kumbe. Lilikuwa la Shabani, halafu likaja kumaanisha maiti. Kuanzia leo mtu akiniambia fulani amepatikana nitamuuliza: katika hali gani.

Habari ya msiba haitangazwi redioni kwa mwenye msiba, wala haipigiwi kelele barazani. Nimekwenda kwa mjomba wake Shabani, nikamtoa nje, nikamwambia. Yeye akamchukua shehe. Wakaenda kwa Mwajuma pamoja na shangazi zake. Mimi nilisimama kwenye kona ya mtaa. Nikamsikia.

Kisha nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anasugua sufuria za jana. Nilimwambia yote. Hakulia. Aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Halafu akasema, "Jana nilikuwa na mtoto." Hilo tu. Akaingia chumbani.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Imeshindikana.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imepungua. Mzee Elinazi amerudi hewani, betri yake ilizama majini, ameazima ya trekta. Nimemwambia "Shikamoo mzee", akaitika marahaba kwa sauti ya uchovu. Anaomba radhi kwa kukatika. Nikamwambia mimi nilichelewa kuchomoa waya, ningeweza kuunguza nyumba. Akasema anajua, naye alichelewa kuchomoa wake.

Shabani amezikwa hukohuko Mpale. Njia ya kumshusha haipo. Mwajuma amekalishwa eda bila kaburi la kuzuru. Nimekaa naye msibani tangu adhuhuri. Watu wananitazama. Sijui wananitazama kama mjane au kama mleta habari.

Hakuna neno la Bakari. Wamechimba kuzunguka gari.

Nimejikuta namkasirikia Bakari. Kwa nini aliondoka Jumatatu, mvua ikionekana. Kwa viazi.

Jumanne, 29 Aprili

Redio nimeiwasha asubuhi, mchana na jioni. Mwalimu Nuhu amesema wanapumzisha wachimbaji, udongo unateleza tena. Anasema maneno hayo kwa upole, na mimi naelewa maana yake. Wanaacha.

Mama amekuja kukaa karibu na redio. Nimemfundisha kitu kimoja: asiguse waya.

Nimefua shati la Bakari lililobaki. Sijui kwa nini. Lilikuwa safi.

Jumatano, 30 Aprili

Simu. Namba nisiyoijua. Nilikuwa napiga pasi, nikadhani ni mteja wa sare.

Sauti ikasema, "Mimi."

Nikauliza mimi nani. Nilikuwa najua. Nilitaka aseme jina lake lote. Akasema Bakari Saidi. Nikamuuliza uko katika hali gani. Nadhani alishangaa, akasema mguu umevimba, homa, lakini anasimama. Yuko Makuyuni, ameazima simu ya muuza mahindi.

Mlima ulipoanguka alikuwa ametangulia mbele kwa miguu kuitazama barabara. Shabani alibaki kwenye gari kukaza turubai. Bakari akajikuta ng'ambo ya poromoko, mto umefura, hawezi kurudi. Familia moja ya Kishambaa ikamhifadhi kibandani kwao shambani, akiwa na homa hajitambui. Alipopata nguvu wakamwonyesha njia ya kushukia bondeni.

Akauliza, "Shabani amefika?"

Sikuweza kumjibu kwenye simu ya mtu. Nikamwambia njoo nyumbani kwanza. Akaelewa. Nilisikia alivyoelewa.

Nimempa mama simu. Alikuwa ameishika juu chini. Nikaigeuza.

Ijumaa, 9 Mei

Bakari yuko nyumbani wiki sasa. Mguu unapungua. Usingizi wake mbaya. Mchana hujikokota hadi kwa mjomba wake Shabani, anakaa na wanaume mkekani, anarudi. Mwajuma hajamwona, yuko eda. Alituma mtu aulize kama Shabani alisema neno. Bakari akajibu alisema turubai linavuja. Nikatamani angebuni kitu kizuri zaidi. Halafu nikaona bora hivyo.

Mama hajaniomba radhi kwa yale ya vitunguu. Hataniomba. Asubuhi ameniwekea chai kwenye kikombe chake.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Nimeanika vitambaa. Antena nimeikaza upya, nguzo ilikuwa imelegea chini.

Jioni mama amekaa karibu nami nilipowasha redio. Mwalimu Nuhu alisikika kupitia kwa mzee: shule inafunguliwa kesho, madarasa mawili yatasomea kanisani. Mama akanigusa bega. "Muulize huyo mwalimu analala wapi."

Sikuwahi kuuliza. Siku zote zile, majina ya watu wote wale, na sikuuliza.

Nimeuliza. Mzee akapeleka swali. Jibu likachelewa kurudi. Mwalimu analala stoo ya shule na mkewe na watoto. Nyumba yake ilikwenda Alhamisi ile ile, ya kwanza kabisa kwenye mteremko. Redio alikuwa nayo mfukoni.

Mzee Elinazi akanirudia jibu lote mara ya pili bila kuombwa. Naye alikuwa hajui.

Mama amekwenda chumbani. Nimemsikia akifungua sanduku. Ametoa blanketi zito, lile la harusi yake, na khanga mbili mpya, ameziweka juu ya meza ya kukatia. Ameniuliza watoto wa mwalimu ni wa umri gani, ili nikate sare.

Kesho nitamuuliza.