Joto Linapanda kwa Ginka

Jumapili, 2 Desemba
Yoana hajanitembelea wiki ya pili sasa. Mjukuu wangu wa pekee, mtoto wa mwanangu Plamen! Akitoka chekechea anapita mlango wangu ghorofa ya tatu, anapanda ya nne kwa Ginka, mama wa mkwe wangu. Leo nimemkamata kwenye ngazi. Ati kwangu baridi. Nikamwambia kwa Ginka pia baridi. Akanijibu, "Lakini ana paka, bibi." Paka!

Jumatatu, 3 Desemba
Nimefungua koki za mabomba ya joto yanayopasha nyumba, vyumba vyote vitatu, mpaka mwisho. Miaka yote nafungua ya jikoni tu, nalala na sweta. Sasa tuone paka atafanya nini.

Alhamisi, 6 Desemba
Amekuja! Siku ya tatu mfululizo. Kala mekitsi nne, maandazi yangu ya maziwa, kalala kwenye kochi langu kama malkia. Ginka kapita kumwulizia, nikajibu amelala. Raha niliyoipata, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Desemba
Amenihama tena. Ati kwa bibi Ginka nako kuna joto siku hizi, anavua soksi. Na paka yupo. Ameniiga yule mwanamke! Nina wivu, nakiri. Sifungi hata koki moja.

Jumanne, 8 Januari
Bili ya joto. Leva mia mbili na kumi! Pensheni yangu mia tatu na ishirini. Najua, baridi ni baridi – kumi na mbili chini ya sifuri, giza saa kumi na moja jioni. Hayo huongeza kidogo kila mwaka. Haya mengine ni koki zangu. Nikajipa moyo: na mwenzangu wa juu ataumia. Tumekutana kwenye masanduku ya barua, nikachungulia yake. Ishirini na tano! Anasema yeye ana damu moto. Damu moto, na Septemba kashavaa koti!

Jumatano, 9 Januari
Msoma mita kaja. Hakutaka kusema habari za jirani, nikamwekea kahawa, akasema. Koki za Ginka zimefungwa zote tangu Oktoba.
"Joto linapanda, mama. Dari yako ndiyo sakafu yake. Unapasha nyumba mbili."
Nimecheka mpaka nikalia. Nimemvuta mtoto kwa pensheni yangu, nikampeleka juu kwa pensheni yangu hiyo hiyo.

Jumamosi, 12 Januari
Leo nafunga. Nimeapa. Afungue za kwake, alipe, aone. Mkono uko kwenye koki ya sebuleni, huu mwingine unaandika. Juu nasikia Yoana anamkimbiza paka, dirishani hadi mlangoni, dirishani hadi mlangoni. Ginka namjua – kabla hajaachia leva moja, mtoto atakuwa ameshakohoa siku mbili.
Nimezungusha nusu. Chuma kimeanza kupoa.
Kule juu kimya. Mtoto amesimama? Amekaa sakafuni?
Nimerudisha kidogo –