Mikaratusi ya Chemchemi

Baba Tumpe,

Maharage yapo jikoni, yameiva. ~~Ugali nimekuwekea kwenye hotipoti.~~ Ugali utasonga mwenyewe. Mbuzi umpeleke akanywe maji kabla jua halijawa kali.

Mimi niko kwenye chemchemi. Asubuhi kwenye mkutano wa mtaa, walipotafuta mtu wa kuongoza kikundi cha kujitolea kutunza msitu wa kilimani, ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Mchagueni mke wangu, nyumbani hana kazi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ila wamenichagua kweli, na asante kwa kunipendekeza.

Uliwahi kuondoka, hukusikia uamuzi wetu wa kwanza. Mikaratusi yote inayokausha chemchemi inakatwa leo, pamoja na ile mitatu uliyoipanda mwaka aliozaliwa Tumpe. Mkono nilinyoosha na mimi. Najua unavyoipenda, ndiyo maana nimewaambia hiyo mitatu wasiiguse mpaka ufike.

Ukimaliza kula osha sufuria, usiiache na ukoko. Halafu njoo na shoka.

Mimi mwenyekiti,
Mama Tumpe