Bafu la Mzee Chitanda na Mkewe

Bunju, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie karibu na sikio ili ajue imetoka kwangu. Mguu wake unaendeleaje? Juzi kwenye simu uliniambia bado hataki umuogeshe, na kwamba mlinuniana hadi jioni. Sikukujibu vizuri, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Sauti ndiyo iliyokuwa inanikatika, kwa sababu ya jambo lililotokea kazini. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na barua nimempa shemeji Mwanahawa anayerudi huko Newala.

Bosi wangu alipata kazi ya kujenga mabafu mapya kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huku Bunju, na mie ndiye niliyepewa kuchora na kusimamia mafundi. Mabafu ya zamani yalikuwa ya hatari. Mlangoni kuna kizingiti kirefu, vigae vinang'aa na maji yakimwagika hapakanyagiki, na hakuna hata pa kushika. Bibi mmoja aliteleza humo akavunjika nyonga. Kwa hiyo nikachora sakafu isiyo na kizingiti, yenye mteremko mdogo wa kupeleka maji, vigae vya kukwaruza visivyoteleza, vyuma vya kushikia ukutani, na mlango mpana unaofungukia nje, ili mtu akianguka nyuma yake afikiwe.

Kabla ya kuanza niliwazungukia wazee kuwauliza kinachowasumbua. Hapo ndipo nilipomfahamu Mzee Chitanda. Alikuwa seremala Keko miaka mingi, kwao Masasi, jirani na kwetu, kwa hiyo tulizoeana upesi. Mkewe, Bi Hadija, alikuwa amepooza upande mmoja na maneno yalikuwa hayatoki vizuri. Watoto hawakujaliwa. Walipokuwa kwao Mzee alimuogesha mwenyewe, lakini pale wanaume wana upande wao na wanawake wao, na Bi Hadija akawa anaogeshwa na wafanyakazi.

"Wale mabinti wana adabu, siwalaumu," aliniambia. "Ila mke wangu akiguswa na asiyemzoea analia. Chumba changu kimepakana na bafu lao, mwanangu. Kila asubuhi namsikia."

Akaniuliza kama bafu moja linaweza kuwa la kutosha watu wawili. Nilimwambia nitachora. Msimamizi wa nyumba, Mama Neema, alikataa mwanzoni. Alisema utaratibu hauruhusu, na ndugu wa wazee wengine wataanza maneno. Sikubishana naye, nilimweleza tu jinsi Mzee anavyomsikia mkewe akilia ng'ambo ya ukuta. Akasema nilichore mwisho wa korido, katikati ya pande zote mbili.

Niliweka viti viwili. Cha Bi Hadija kina mgongo na mikono, na cha pili ni cha Mzee, maana magoti yake hayamruhusu kusimama sana. Bomba likawa la kushika mkononi, na nafasi ya kuzungusha kiti cha magurudumu. Mzee alikuwa haishi kuja na mkongojo wake kuangalia mafundi. Siku moja alimsukuma mkewe hadi pale. Bi Hadija akanyoosha mkono mzima, akashika chuma cha ukutani, akakivuta kama anayekijaribu, kisha akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mzee akageuka akafuta macho.

Bi Hadija hakuwahi kuogea humo. Presha ilimpanda ghafla, wakamkimbiza hospitali, na huko akafariki. Wakamrudisha pale pale nyumbani kwa wazee, maana hawakuwa na kwingine.

Mzee hakulia mbele yetu. Alimuuliza shehe kama anaweza kumuosha mkewe, na shehe akamjibu kuwa mume ana ruhusa hiyo. Basi akaomba bafu jipya. Mlango ulikuwa haujapachikwa, tukatundika khanga. Kitanda cha kuoshea maiti kilichotoka msikitini kiliingia bila kugusa ukuta. Kina mama wawili wa msikitini waliingia naye kumsaidia kumgeuza, na mie nikabaki nje koridoni na Mama Neema. Tulisikia maji, na sauti ya Mzee ikimsemesha mkewe taratibu kwa Kimakonde. Mama Neema hajui Kimakonde. Mie najua, dada, na sitaandika alichokuwa anasema.

Alipotoka, mikono ya kanzu imelowa, aliniambia neno moja tu: "Nafasi imetosha."

Tukazika alasiri.

Sasa wazee wengine wanatumia bafu lile na wanalisifu. Yeye haingii. Anaogea kwenye lile la zamani la wanaume, ambalo halijavunjwa bado. Mama Neema alinituma nimbembeleze, anaogopa ataanguka. Nikakaa naye kitandani kwake, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Umejenga vizuri, mwanangu. Lakini mie nikiingia mle, nitamwacha lini?"

Nilichukua drili nikamfungia vyuma kule kule kwenye bafu la zamani, na kizingiti nikakivunja chote.

Dada, najua unachoka, na mie niko mbali nasema tu. Lakini sisi tumekuwa tukimgombeza mama bila kumuuliza. Muulize anataka nani amuogeshe. Akimtaja shangazi Asha, mfuateni Tandahimba. Akisema hataki mtu, msubiri mlangoni, usiondoke.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie mgongo aupumzishe. Mjomba Selemani, aliyenifundisha kushika penseli, mpe shikamoo. Watoto wako wote wabusu kwa niaba yangu.

Niombeeni, kama ninavyowaombea.

Mdogo wako,
Hamisi