Shahidi wa Nyumbani

Jumatatu, 3 Februari

Nimeziba mianya ya mashua upande wa kushoto. Pamba imeisha kabla sijafika nyuma. Kesho.

Chai ya saa nne nilichukua vikombe viwili rafuni, nikarudisha kimoja. Mkono bado haujajua. Hii ni wiki ya kumi na mbili tangu tumzike mke wangu, Nyar Uriri. Kanisani jina lake lilikuwa Dorka, lakini mimi nilimwita binti wa Uriri tangu nilipomtoa kwao Migori nikamleta huku Kisegi.

Mchungaji alinikuta kazini. Wazee wa kanisa walikutana bila mimi kwa sababu ya msiba. Wanataka mwinjilisti wa kisiwa cha Remba. Jina lililopita ni langu. Wanasema msiba umenilainisha, Mungu ananitayarisha. Nitathibitishwa Jumapili tarehe 23.

Nilisema nitaomba. Sijaomba.

Remba. Kati ya visiwa vyote.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoa daftari la zamani la vikao vya wazee. Mwandiko ni wangu, maana karani ni mimi miaka yote hii. Nilijua ukurasa uko wapi. Ni mistari miwili tu. Ombi la Dorka kutumwa Remba. Shahidi wa nyumbani amesema alikuwa na homa. Limefungwa.

Shahidi huyo ni mimi.

Kwetu mtu akisema ameitwa na Mungu hapokelewi kwa maneno yake mwenyewe. Lazima mtu wa nyumba yake asimame mbele ya wazee aseme, ndiyo, ninaishi naye, wito huu ni wa kweli. Walioanzisha kanisa waliona kwamba mtu anaweza kuigiza ibadani lakini jikoni hawezi. Ni desturi nzuri. Shahidi wa mke ni mume wake.

Miaka kumi na moja sasa. Dorka alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Akaacha, mikono ndani ya ungo. Akaniambia ametumwa Remba, kwa wanawake wa kule. Sikumcheka. Nilimtazama usoni nikajua ni kweli. Hapo ndipo nilipoogopa. Remba ni mabati yaliyobanana, wavuvi kutoka kila upande, pombe, muziki mchana kutwa. Nilisikia moyoni watu wakisema, yule fundi wa mashua mke wake anahubiri Remba, yeye anajipikia. Niliwaza ugali wangu. Niandike hivyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Wiki hiyo alikuwa ameugua malaria. Nikasimama nikawaambia wazee alikuwa na homa. Mzee mmoja, ambaye leo ndiye mwenyekiti, alisema hata yeye akishikwa na malaria huwaona malaika, tena wanamletea dawa. Wakacheka. Nami nikacheka. Dorka alikuwa ameketi benchi la akina mama, anatazama viganja vyake.

Njiani kurudi nyumbani alisema maneno haya tu. "Wuon Atieno, homa iliisha Jumanne. Mungu aliniita Ijumaa."

Atieno ni binti yetu. Baba Atieno, ndivyo alivyoniita siku zote, na hata siku hiyo hakubadilisha. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka anakufa.

Jumamosi, 8 Februari

Zamu ya kufagia kanisa ilikuwa yake kila Jumamosi. Leo nimefagia mimi. Nimekumbuka alivyokuwa akifagia mimbari. Hakukipanda kile kingazi. Alisimama chini, akanyoosha mkono na ufagio mpaka ukutani. Nilidhani ni heshima.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada nilimwambia mchungaji kila kitu. Ni kijana, amesoma, ana huruma. Alinishika bega. Akasema, mtu ambaye Mungu amemchagua kabla dunia haijaumbwa hawezi kuondolewa kwa neno la mwanadamu. Kama Dorka aliteuliwa, hakuna homa wala mume angemzuia. Nisijibebeshe mzigo usio wangu.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Nilifika kwenye daraja la mbao nikiwa mzito kuliko mwanzo. Kwa hesabu hiyo, ama yeye hakuitwa, ama mimi sikukosa. Nimeyapima yote mawili. Yote si kweli. Aliitwa. Nilikosa.

Sijui Mungu anafanyaje hapo. Labda uteule wake ni imara na bado ananiachia mlango niufunge kwa mkono wangu. Simwelewi. Sikulala mchana.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata wazo na limenipa nguvu. Huenda alihubiri bila sisi kujua. Alikuwa akienda ufuoni kuwasaidia wanawake kuanika omena, wale dagaa wa ziwa, asubuhi nyingi. Huenda aliwafundisha pale pale, kimya kimya, Mungu akapata njia yake kando yangu.

Nimeenda kumwuliza Mama Risper, rafiki yake wa miaka mingi. Alikuwa akigeuza omena juu ya nyavu, akaendelea kugeuza.

Akasema hapana. Alikuja, aligeuza omena pamoja nao, alitania, aliimba kidogo. Kuomba kwa sauti hakukubali. Mwaka mtoto wake Risper alipokuwa mahututi, Mama Risper alimsihi Dorka aweke mikono juu yake. Alikataa. Alilia, lakini alikataa.

"Alisema hakuteuliwa," Mama Risper aliniambia. "Alisema wazee waliuliza nyumbani kwake, na nyumbani wakasema ni homa. Sasa wewe Wuon Atieno, hiyo nyumba ilikuwa na nani mwingine?"

Alirudi kwenye omena zake.

Kwa hivyo sikumzuia kwa wazee peke yao. Nilimfanya aamini. Nilifikiri nimefunga safari ya Remba, kumbe nilifunga mdomo wake.

Jumamosi, 15 Februari

Uriri. Nimeenda kumwona mama mkwe. Mkwe hakai karibu na mama mkwe, basi niliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, naye upande wa pili, amenigeuzia bega. Hivyo ilikuwa rahisi kusema. Nisingeweza macho kwa macho.

Aliposikia yote akasema kwamba mwaka ule Dorka alikuja akakaa siku tatu. Swali lake lilikuwa moja tu: kama homa inaweza kumjua mtu kwa jina. Mama alimjibu hajui, amwulize mume wake, mume ana akili ya vitabu.

Dorka hakuniuliza.

Mama mkwe akasema, "Wewe, siku hiyo, ulimwamini?"

Nikasema nilimwamini. Ndiyo maana niliogopa.

Akasema basi afadhali ungekuwa hukumwamini. Hakusema kwa hasira. Alimwita mjukuu aniletee uji. Niliunywa wote kwa sababu ulikuwa na ule uchachu wa kwao, ambao Nyar Uriri hakuacha kuutafuta kwenye unga wa wimbi wa huku kwetu na hakuupata.

Jumanne, 18 Februari

Mashua imeingia majini. Haivuji.

Wazee wawili walipita kunipongeza. Mmoja alitania kwamba huko Remba nijiandae, wavuvi watataka niwazibie mashua kwanza ndipo wasikilize injili. Nilicheka. Kicheko kile kile.

Kuna sauti inayoniambia nikubali. Niende mahali pake, niifanye kazi yake, iwe malipizi. Inasikika kama wito. Lakini naijua. Ni sauti yangu inayotaka kulala vizuri. Kama kweli ningekuwa na wito, mtu wa kunishuhudia nyumbani amezikwa.

Nyar Uriri angeniambia ukweli. Angesema, huyu hajaitwa.

Jumamosi, 22 Februari

Atieno amefika kutoka Oyugis. Amefunga kibanda chake cha nguo siku ya soko ili kesho asimame kuwa shahidi wangu. Amekuja na furaha. Alisema mama angefurahi.

Nilimwambia akiwa anakatakata sukuma wiki. Nilisema yote bila kusimama, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. Kisu kilisimama.

"Kwa hivyo mama alikufa akijua Mungu alimruka."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwa unalala kando yake."

Ndiyo.

Alimaliza kukata. Alipika. Tulikula. Aliniwekea samaki kipande kikubwa, kama desturi, na hiyo iliniumiza kuliko kama angeninyima. Wakati wa kuosha vyombo aliniuliza kesho wakimwita atasema nini. Nikamwambia aseme anachokijua.

Nimeona aibu kuwa na mtoto mzuri hivi.

Jumapili, 23 Februari

Kanisa lilijaa. Mwenyekiti alisoma jina langu. Akauliza nani wa nyumba hii anashuhudia.

Atieno alisimama. Akasema, "Mwulizeni yeye mwenyewe." Akaketi.

Nikasimama. Nikashika benchi la mbele. Nilisema nataka kushuhudia, ila si wito wangu. Nilisema mimi ni shahidi wa nyumbani wa Dorka. Kwamba hakuwa na homa siku ile. Kwamba nilimtazama usoni nikajua ameitwa, kisha nikawadanganya wazee kwa sababu ya ugali na maneno ya watu. Kwamba mimi sijaitwa Remba, aliyeitwa ni yeye. Niliomba jina langu liondolewe.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani. Alisema kwa upole kwamba kikao hakiwezi kupokea wito wa marehemu. Kiti ni cha walio hai.

Mama Risper akasema kutoka nyuma, bila kusimama, "Alipokuwa hai mlimpa?"

Mwenyekiti alisema mama anyamaze, huu si wakati. Baadaye sana, wimbo ukiwa umeshaanza, nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa koti. Yeye ndiye aliyetania kuhusu malaika.

Jina langu limeondolewa. Karani bado ni mimi, kwa hivyo kumbukumbu nimeandika mimi. Shahidi wa nyumbani amesema: aliitwa, hakuwa na homa. Mwenyekiti amesema ataisoma kwanza. Hajatia sahihi.

Sikupata amani niliyoitarajia. Nimeandika ukweli, na Nyar Uriri bado hajausikia.

Jumatatu, 24 Februari

Atieno ameondoka asubuhi. Hakunikumbatia. Mlangoni alisema, "Nitapiga simu." Sio leo, nadhani.

Mvua kidogo.

Jumapili, 2 Machi

Mchungaji alihubiri kuhusu wanaoitwa na wanaochaguliwa. Hakunitazama hata mara moja, na nilimshukuru. Nilitaka kumwuliza, mtu aliyeamini ameachwa, na hakuachwa, anapofika kule mbinguni huambiwa nini kwanza. Sikumwuliza. Alikuwa na watu wengi.

Alhamisi, 6 Machi

Remba. Nilikodiwa kubadilisha mbao mbili za mashua. Sikwenda kwa jambo lingine.

Nilimaliza mapema, nikasubiri mashua ya kunirudisha. Nilikaa karibu na wanawake walioanika omena. Walikuwa saba. Mmoja ana mtoto mgongoni na kidonda mguuni amekifunga kwa kitambaa cha kijani. Wanachekana wao kwa wao, wanamsema mwenzao aliyeolewa na mwanamume mfupi. Muziki ulikuwa mkubwa kama nilivyoogopa. Watu walikuwa watu tu.

Huyo wa mtoto aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kisegi. Akauliza mama wa nyumbani yuko. Nikasema nimemzika. Akasema pole, akaacha kugeuza omena.

Sijui kwa nini nilimwambia. Nilisema mke wangu alikuwa atumwe kwenu, zamani, na mimi nilimzuia.

Wengine nao wakasikia. Hawakukasirika. Hawakumjua, watamkosaje? Yule mama alimvuta mtoto wake vizuri mgongoni, akauliza kama mtu anayeuliza habari ya safari, alikuwa aje atuambie nini.

Nikafungua mdomo. Nilitafuta. Maharagwe, ungo, uso wake, Ijumaa. Zaidi ya hapo sina kitu.

Nikamwambia sijui. Sikumwuliza.

Alitikisa kichwa polepole. Akasogea, akanipa upande mmoja wa wavu, maana upepo ulikuwa unaukunja, nami nikaushikilia mpaka walipomaliza.