Mfuko Ulioniambia Niuzamishe

Papa,

Mfuko sikuutupa.

Wewe ulikuwa kwenye kile kitanda cha hospitali, umenishika mkono kwa nguvu ambazo daktari alisema huna tena, ukaniambia: "Mutoto, ule mufuko wa bleu chini ya kitanda yangu, beba, utupe mu canal. Usifungue. Unasikia? Usifungue." Nikasema ndiyo, papa, nitautupa kwenye mfereji. Ukafumba macho, umeridhika. Siku mbili baadaye ulikuwa umekwenda, na mimi nililia mpaka Tonton Byamungu, mjomba wetu wa kanisani, akaja kunishika mabega.

Sasa nisikilize wewe, maana leo huwezi kunikatiza.

Ni wewe uliyenifundisha habari za mifuko. Kwetu Bukavu ulikuwa mwalimu wa Kiingereza, Brussels ukawa mtu wa kupiga deki maofisini, mpaka yule profesa Mwingereza alipokupa kazi ya kusoma picha za barua za zamani, za makapteni wa jeshi la majini la Uingereza enzi za vita vyao na Ufaransa, na kuziandika upya kwa mashine. Meza yetu ya jikoni, mtaa wa Etterbeek, ilikuwa na pande mbili: huku mimi na hesabu zangu za shule, huko wewe na Waingereza wako mmeweka kizuizi mbele ya Brest, bandari ya Wafaransa. Uliniambia jinsi walivyohesabu milingoti ya adui kutoka mbali. Jinsi walivyosimamisha mtumbwi wa mvuvi, wakamkaribisha kinywaji, wakamuuliza taratibu: meli ngapi ziko tayari, mikate imeshapakiwa, nani anaongoza. Na wakikamata meli ya posta walifungua kila barua, ya jenerali na ya mke wa baharia, wakainakili, wakapeleka muhtasari London. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikauliza, na yule mke, nani alimjibu? Ulicheka. "Ni vita, mutoto. Bon, maliza calcul yako."

Lakini uliowapenda zaidi ni makapteni wa Kifaransa. Wakiona wanakamatwa, walikuwa wanatia risasi nzito kwenye mfuko wa barua na kuutupa baharini. Wengine waliwaachia vijana wao kazi hiyo, wakasahau uzito, mfuko ukaelea, Waingereza wakauokota kama mkate. Ulicheka hadi ukavua miwani. "Mujinga ule! Mufuko wako, unazamisha weye mwenyewe!"

Kweli kabisa, papa. Mfuko wako unauzamisha mwenyewe.

Niliufungua juu ya meza ileile. Cha kwanza kutoka ilikuwa pasi. Pasi ya makaa ya mama, yenye jogoo pale mbele, ile uliyosema ilipotea njiani tulipokimbia nikiwa na miaka sita. Uliitia humo iwe uzito. Chini yake kulikuwa na barua kumi na saba za mama, na daftari jekundu.

Maisha yangu yote ulinipa sentensi moja tu kuhusu mama. "Maman yako alisha kutusahabu." Kwamba ametusahau. Ulipoisema uliinamia karatasi zako, nami nilikuonea huruma. Nilikuonea huruma wewe!

Watu wetu barua hawaipi posta. Anayepanda ndege kutoka kwetu anaibeba mkononi, anaitoa baada ya misa pale kanisa la Koekelberg, na desturi ni moja: anapewa mkubwa wa nyumba, si mtoto. Kwa hiyo hukukosa mgeni hata mmoja. Ulimvutia kiti, ukamfungulia bia, ukamuuliza habari za mvua, za vita, za barabara. Nilijivunia papa anayependa kwao hivyo. Kumbe ulikuwa unasimamisha mitumbwi.

Na daftari lako, nani angeamini. Mistari imepigwa kwa rula kama ya profesa: siku, mbebaji, muhtasari, hatua. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa: "Mtoto akijua, atarudi." Kisha, kwa ule mwandiko wako mzuri: "Mwandishi aomba picha ya mtoto. Hatua: hakuna." "Mwandishi ameshona gauni la komunyo. Hatua: gauni limepewa jirani." Nalikumbuka lile gauni, papa. Nililiona kwa mtoto wa ghorofa ya pili, nikalitamani. Halafu barua ya kumi na saba: "Mwandishi auliza kama mtoto alikufa, ili akae matanga. Hatua: hakuna."

Hukumwambia hata kwamba niko hai. Neno moja tu, papa. Ulikuwa na maneno ya Waingereza maelfu, ukamnyima lile moja.

Kwa kuwa hukumjibu, alinilia kama maiti. Nimeulizia Bukavu, wamenithibitishia: wabebaji walimwambia niko hai, naye hakuamini bila mstari wako au wangu. Alikalia matanga yangu wiki nzima, mimi niko hapa najifunza kuogelea.

Mstari wa mwisho uliuandika miezi minne kabla ya kifo chako. "Habari kupitia Byamungu: mwandishi amefariki. Kizuizi kimeondolewa." Nilimfuata Tonton Byamungu, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akashangaa. "Mais nilimwambia papa yako! Akasema uko unalia mu nyumba, tusikuongeleshe juu ya ile." Niliitazama tarehe. Ni ile Jumapili uliyonipeleka uwanja wa Flagey bila sababu, ukatuagizia croquettes, vile vibonge vya kukaanga vya kamba wa baharini, ukapiga mluzi. Nilikupiga picha. Ndiyo picha tuliyoiweka juu ya jeneza lako, na kila mtu alisema, tazama Papa alivyokuwa na furaha.

Profesa alikuja kuzika. Alinishika mkono akasema hakuna aliyewaelewa makapteni wale kama wewe. Nilimshukuru. Wakati ule sikujua alikuwa anasema nini.

Nikikuchukia tu ingekuwa rahisi. Asubuhi bado natoa vikombe viwili. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, kuna mzee anakohoa kama wewe na mimi nageuka. Nimekukosa, shetani wewe. Kama ungenibakizia mama, ningekuwa na mtu mwingine wa kumkosa.

Sasa sikia. Jumamosi tunaondoa matanga yako, kwenye ukumbi wa kanisa. Mtoto lazima asimame amzungumzie marehemu, na mtoto uliye naye ni mmoja. Maman Furaha, kiongozi wa wamama wetu wa kanisa, amepanga viti. Unamkumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na nne aliponisimamisha mbele ya watu: "Weye, kumwandikia maman yako hata mustari moja ni kazi gani?" Nilikuja nyumbani nimechanganyikiwa. Ukasema Maman Furaha anapenda maneno, tukahamia misa ya saa tano. Yeye alibeba barua mbili. Tonton Byamungu nne. Wote unao kwenye daftari, majina kamili, umenisaidia sana. Miaka yote wananiona mtoto asiye na moyo, na wote watakaa mstari wa mbele.

Nakuahidi hili. Nitaweka pasi ya mama mezani, mbele ya picha yako ya Flagey. Nitamwita kila mbebaji kwa jina lake, nitamsomea barua aliyoibeba, aone ilikofika. Na kila barua nitaijibu palepale kwa sauti, zote kumi na saba, hata ikifika jioni na pilau ikapoa. Nguo nyeusi nitaivua, ila nikishamaliza kumlilia mama. Mwezi ujao naenda Bukavu, pasi naibeba mkononi.

Kwaheri, papa. Daftari lako limebaki na mstari mmoja mtupu, nami nimeujaza kwa niaba yako, kwa mwandiko ulionifundisha wewe:

"Baba aomba asamehewe. Hatua: hakuna."

Mwanao,
Neema