Chai ya Saa Nne

Bron, uko? Nimejifungia chooni hapa maabara. Sitoki.

Leo wazimamoto wa Ballarat wamekuja kuona droni zetu saba zikizima moto wa msitu kwenye skrini. Kila droni na wakala wake wa kompyuta, wanapangiana kazi kwa ile lugha ya programu tuliyoiunda mimi na wewe. Mambo safi kabisa mpaka saa nne kamili. Zikaganda. Zote saba! Na moto unakula msitu.

Bosi Gwenda akaweka ukutani jumbe za mawakala, akasoma kwa sauti mbele ya wageni: "Bron, chai?"

BRON, CHAI! Ule utani wako, mawakala wakualike chai kila siku saa nne. Na sheria unaijua, uliiandika wewe: wakala akiuliza, hakuna anayesogea mpaka ajibiwe.

Mzee mmoja wa zimamoto akapiga kelele, "Mjibuni basi huyo, msitu unaisha!" Watu wakacheka. Gwenda hakucheka. Akarudi nyuma kwenye jumbe, siku baada ya siku. "Bron alihamia Perth mwaka jana. Nani amekuwa akijibu 'nakuja' kila siku?"

Wote wakanigeukia.

Ni mimi, Bron. Kila saa nne nimekuwa nikiandika "nakuja" kwa jina lako. Ningeweza kuufuta ule mstari wa chai kwenye programu siku yoyote. Leo nilikuwa nawamiminia wageni chai, nikasahau.

Gwenda ameufuta. Droni zote zimeruka.

Mimi bado niko chooni. Bron, chai?